Unatembea kuchangia utafiti wa lupasi? Uliza kwanza hela inaenda wapi

UJUMBE huingia kwenye grupu ya WhatsApp wiki mbili kabla. Matembezi ya hisani Jumamosi asubuhi, kilomita tano, tisheti ya zambarau Sh1,000, pesa zitaenda kwa utafiti wa lupasi. Chini yake kuna picha ya kipepeo na nambari ya Paybill. Dakika mbili hazijaisha, watu kumi wamejibu kwamba wako. Mmoja anauliza kama kutakuwa na muziki, mwingine kama tisheti ina saizi kubwa.

Swali moja huwa halitokei: utafiti gani, unafanywa na nani, na wapi?

Wakenya hatuhitaji kufundishwa kuchanga. Tunachanga karo, bili ya hospitali na mazishi. Mater Heart Run imewatembeza wakazi wa Nairobi kwa miaka mingi ili watoto wenye matatizo ya moyo wafanyiwe upasuaji. Mwaka 2014, mbio za Beyond Zero za aliyekuwa Mama wa Taifa, Margaret Kenyatta, zilichangia kliniki za kuhamahama kwa ajili ya akina mama na watoto. Mwaka 2012, Zachary Kimotho aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini ili kuchangisha pesa za kituo cha waliojeruhiwa uti wa mgongo, na watu wakatuma walichonacho kwa simu.

Katika mifano hiyo yote, unaweza kuona ulichonunua. Mtoto amepasuliwa na amepona. Gari la kliniki limefika kijijini. Utafiti ni tofauti. Unatoa elfu moja leo kununua jibu ambalo halijapatikana, na ambalo huenda likachukua miaka kumi. Ndiyo maana anayetembea kwa ajili ya utafiti ana haki ya kuuliza maswali mengi zaidi, na pia ana sababu nzuri ya kutembea.

Soja anapompiga mwenye nyumba

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Fikiria soja wa geti la ploti yenu. Kazi yake ni kuwazuia wezi. Siku moja anaamka akiwa hawatambui wapangaji. Kila anayepita anampiga rungu, kuanzia mama wa chumba cha kwanza hadi watoto wanaotoka shule. Hivyo ndivyo yalivyo magonjwa ya kinga kujishambulia. Chembe zinazotakiwa kupigana na viini vya magonjwa zinaugeukia mwili wenyewe.

Magonjwa ya aina hii yanapita 80. Mengine unayajua bila kujua kwamba ni ya ukoo mmoja: kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowapata watoto na vijana, mbalanga, unaoondoa rangi ya ngozi, na aina ya baridi yabisi inayovimbisha na kupinda vidole. Lupasi ni mmoja wao, lakini haichagui sehemu moja. Inaweza kushika viungo, ngozi, figo, moyo, mapafu, damu, hata ubongo.

Kati ya wagonjwa 10 wa lupasi, takriban tisa ni wanawake, na wengi huanza kuugua wakiwa kati ya miaka 15 na 44. Yaani umri wa kufanya KCSE, kuingia chuo, kutafuta kazi ya kwanza na kuanza familia. Mwimbaji Selena Gomez alipandikizwa figo mwaka 2017 kwa sababu ya ugonjwa huu. Figo hiyo alipewa na rafiki yake, mwigizaji Francia Raisa.

Sasa chukua mfano wa mwanachuo wa miaka 22 hapa kwetu. Anaamka amechoka kama mtu aliyebeba mawe usiku kucha. Vidole vinauma, nywele zinakatika, homa inakuja na kwenda. Kliniki ya karibu inampa dawa za malaria. Mwezi unaofuata anaambiwa ni taifodi. Wa tatu anaambiwa ni stresi za mitihani. Nyumbani mtu anaanza kunong'ona kwamba binti amerogwa. Marafiki wanaona picha zake Instagram akitabasamu, wanaamua anajifanya. Kufikia siku anapokutana na daktari bingwa wa rheumatolojia, na mabingwa hao ni wachache mno nchini, huenda miaka imepita na figo zimeanza kuumia.

Hata dalili inayojulikana zaidi inaweza kumponyoka daktari. Vitabu husema lupasi huleta upele mwekundu wenye umbo la kipepeo, mashavuni na juu ya pua. Kipepeo ndiye nembo ya ugonjwa huu kwa sababu hiyo. Lakini kwenye ngozi nyeusi upele huo mara nyingi hauonekani mwekundu. Huwa kama doa jeusi zaidi, la kahawia au la zambarau. Aliyesoma kwa picha za ngozi nyeupe anaweza kuutazama na asiuone.

Hela za matembezi zimewahi kuleta dawa?

Jibu ni ndiyo, na ushahidi upo.

Aprili 1980, kijana wa Kanada aitwaye Terry Fox, aliyekuwa na umri wa miaka 21 na mguu mmoja wa bandia baada ya saratani kuondoa wake, alianza kukimbia kutoka mashariki ya nchi yake kuelekea magharibi. Alitaka kila Mkanada atoe dola moja kwa utafiti wa saratani. Alikimbia siku 143 na kilomita 5,373, karibu mbio za marathoni kila siku, hadi Septemba 1 mwaka huo saratani ilipomrudia mapafuni. Alifariki Juni 1981. Kabla hajafa, michango ilikuwa imepita dola milioni 24, sawa na dola moja kwa kila Mkanada wa wakati huo. Hadi leo watu hukimbia na kutembea kila mwaka kwa jina lake, na pesa zilizopatikana zimepita dola milioni 800, zote kwa utafiti wa saratani.

Kwa upande wa magonjwa ya kinga, angalia kisukari cha aina ya kwanza. Mwaka 1970, wazazi wa watoto wagonjwa nchini Marekani walianzisha chama kilichokuja kujulikana kama JDRF, ambacho sasa kinaitwa Breakthrough T1D. Hawakutaka kuchangia insulini tu. Walitaka kujua kwa nini kinga ya mtoto inaua chembe zinazotengeneza insulini, na kama inaweza kuzuiliwa. Matembezi ya familia na marafiki yakawa moja ya njia zao kuu za kuchangisha. Sehemu ya fedha za chama hicho ilienda kwa watafiti waliokuwa wakiichunguza dawa ya teplizumabu. Novemba 2022, dawa hiyo iliidhinishwa Marekani. Haiponyi, lakini inaweza kuchelewesha kisukari hicho kwa takriban miaka miwili kwa mtu aliye katika hatari kubwa ya kukipata. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dawa kuidhinishwa kuchelewesha ugonjwa huo.

Hesabu miaka: kutoka 1970 hadi 2022 ni 52. Wapo waliotembea kwa ajili ya watoto wao ambao hawakuifaidi dawa hiyo. Walioifaidi ni wa kizazi kingine.

Lupasi nayo imekuwa na mwendo wa kobe. Dawa inayotumika zaidi, haidroksiklorokwini, ni ndugu wa klorokwini, ile dawa ya malaria ambayo wazazi wetu wanaikumbuka kwa uchungu wake na mwasho wa mwili mzima. Ilikuwapo tangu miaka ya 1950. Kisha kikapita zaidi ya nusu karne bila dawa mpya kuidhinishwa kwa ajili ya lupasi, hadi belimumabu ilipokuja mwaka 2011.

Lakini siku hizi mambo yameanza kuchangamka. Mwaka 2022, madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walieleza walivyowatibu wagonjwa watano wa lupasi kali, wanawake wanne na mwanamume mmoja, wote vijana. Walitoa chembe za kinga kutoka kwa mgonjwa, wakazibadilisha maabara ili zisake chembe zinazoleta vurugu, kisha wakazirudisha mwilini. Wote watano walipata nafuu kubwa na wakaacha dawa walizokuwa wakinywa kila siku. Oktoba 2025, Tuzo ya Nobel ya tiba ilienda kwa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi, waliogundua jinsi mwili unavyotumia chembe maalum kuwatuliza wale masoja wa geti wasiwashambulie wenye nyumba.

Usikimbilie kusherehekea, ingawa. Tiba ya aina hiyo ya Erlangen, inapotumika kwa saratani za damu Marekani, hugharimu zaidi ya dola 300,000 kwa mgonjwa mmoja. Kwa ground, huyo mwanachuo wetu bado anahangaika kupata kipimo cha kwanza.

Maswali ambayo ni yetu

Hapa ndipo utafiti wa nyumbani unapokuwa na maana. Kuna maswali ambayo maabara ya Ujerumani haiwezi kutujibia.

Nchini Marekani, wanawake weusi hupata lupasi mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake wazungu. Huanza kuugua wakiwa wadogo zaidi, na figo zao huathirika zaidi. Lakini kwa miongo mingi vitabu vya udaktari vilisema lupasi ni nadra barani Afrika. Inawezekanaje?

Mwaka 1968, daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyefanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba wagonjwa wa magonjwa ya kinga kujishambulia walikuwa wachache sana pale. Akauliza kama malaria na vimelea vingine vinavyotuandama tangu utotoni vinaifunza kinga yetu isijigeuke. Miaka miwili baadaye, yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa aina inayopata ugonjwa kama huo walipoambukizwa malaria ya panya, ugonjwa ulipungua.

Wengine wana jibu rahisi zaidi: lupasi ilikuwapo siku zote, ila hakuna aliyekuwa akiipima. Mtu aliyekufa kwa figo aliandikwa amekufa kwa figo, na mambo yakaishia hapo. Huenda majibu yote mawili yana ukweli ndani yake. Na kama Greenwood alikuwa sahihi, je, mtoto anayekulia ghorofani Nairobi, asiyeumwa na mbu wa malaria, yuko katika hatari kuliko binamu yake aliyekulia Kisumu? Swali hilo linahitaji watafiti wa hapa na damu ya watu wa hapa.

Kuna suala la dawa pia. Katika majaribio makubwa ya belimumabu, wagonjwa weusi walikuwa wachache kiasi kwamba wakaguzi wa dawa wa Marekani walitaka jaribio jingine la wagonjwa weusi peke yao. Dawa ilikuwa imeshaanza kuuzwa, na bado haikujulikana vizuri inawafaa kiasi gani watu ambao ugonjwa unawaumiza zaidi. Tafiti nyingi za jeni nazo zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Tusipohesabiwa, tutapewa majibu ya watu wengine.

Serikali ilishalitambua hilo kwenye karatasi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inasema asilimia mbili ya pato la taifa itengwe kwa utafiti kila mwaka. Kiwango hicho hakijafikiwa. Pesa nyingi za utafiti wa afya nchini hutoka kwa wafadhili wa nje, na wafadhili wana mambo yao ya kwanza: malaria, Ukimwi, kifua kikuu. Lupasi iko nyuma kwenye foleni.

Hela za matembezi ya Jumamosi haziwezi kugundua dawa mpya. Tuwe wakweli. Lakini zinaweza kuanzisha daftari la wagonjwa katika hospitali moja ya rufaa, lenye umri wao, dalili zao na muda uliopita kabla ya kugunduliwa. Zinaweza kumlipia mwanafunzi wa shahada ya uzamili vipimo vya utafiti wake, au kununua friji ya kuhifadhi sampuli. Kazi ndogo kama hizo ndizo zinazomwezesha mtafiti kuandika ombi la fedha kubwa akiwa na takwimu mkononi.

Kabla ya kutuma kwa Paybill

Basi uliza. Mwandaaji mwaminifu hatakasirika.

Kwanza, nani anapokea pesa? Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika Mei 2024, na kuna mamlaka inayosajili mashirika hayo. Kama Paybill ina jina la shirika, tafuta kama limesajiliwa. Kama unaombwa kutuma kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, uliza mara mbili.

Pili, ni utafiti gani hasa? "Utafiti wa lupasi" ni neno pana kama bahari. Mradi halisi una mtafiti mkuu, una chuo au hospitali, una kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI. Kama pesa zitanunulia wagonjwa dawa, hilo ni jambo jema sana, lakini waseme hivyo. Si utafiti.

Tatu, gharama za siku hiyo zinatoka wapi? Piga hesabu ya mfano. Watu 800 wakitoa Sh1,000 kila mmoja ni Sh800,000. Tisheti ikigharimu Sh400, Sh320,000 zimeondoka. Ongeza hema, spika, maji, ambulensi na MC, na unaweza kujikuta umetembea kilomita tano kumlipa MC. Nchini Marekani, shirika la Lupus Research Alliance lina utaratibu ambao bodi yake hugharamia uendeshaji, ili michango ya umma, ikiwemo ya matembezi, iende yote kwenye utafiti. Hapa kwetu kampuni inaweza kulipia tisheti na maji. Kama hakuna mdhamini, basi tembeeni na fulana mlizo nazo. Zambarau haikosekani Gikomba.

Nne, tutasomewa lini hesabu? Chama cha akiba cha watu kumi husomewa hesabu kila mwezi. Matembezi ya watu 800 hayafai kuishia kwenye picha za TikTok. Omba tarehe: baada ya miezi mitatu mtuambie kiasi kilichopatikana, kilichotumika na kilichokabidhiwa, na baada ya mwaka mtuambie mtafiti amefikia wapi.

Tembea na mgonjwa, usimwache nyuma

Kuna kichekesho kichungu katika matembezi mengi ya lupasi: yanaweza kumdhuru mgonjwa. Miale ya jua huamsha lupasi kwa wagonjwa wengi. Matembezi yanayoanza saa nne asubuhi, kwa sababu mgeni wa heshima amechelewa, huwaweka kwenye jua kali watu ambao shughuli nzima inafanywa kwa ajili yao. Kama uko kwenye kamati, anza saa kumi na mbili na nusu na mgeni atawakuta njiani. Chagua njia yenye miti. Weka kivuli, viti na njia fupi ya kilomita moja. Wakumbushe watu kuvaa kofia na mikono mirefu.

Uchovu wa lupasi nao si ule wa kulala ukaamka fiti. Mwaka 2003, Mmarekani Christine Miserandino, mwenye lupasi, aliandika jinsi alivyomweleza rafiki yake kwa kutumia vijiko. Kila asubuhi mgonjwa anaamka na vijiko vichache. Kuoga ni kijiko, kuvaa ni kijiko, kupanda basi ni kijiko. Vikiisha, vimeisha, hata kama ni saa sita mchana. Kwa hivyo mwenzako akija kwa gari, akatembea mita 200 kisha akakaa, usimwambie kwamba anadeka. Huenda ametumia vijiko vyake vyote kuja kukuona.

Na kama una mafua, baki nyumbani na utume mchango. Dawa nyingi za lupasi hushusha kinga, na mafua yako ya siku tatu yanaweza kumlaza mwenzako wodini.

Baada ya matembezi bado kuna kazi ambayo haihitaji hela. Tafiti nyingi huhitaji pia watu wasio wagonjwa, ili damu yao ilinganishwe na ya wagonjwa. Ukialikwa, soma fomu ya ridhaa taratibu, uliza sampuli yako itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na ujue kwamba unaweza kujiondoa wakati wowote bila kuadhibiwa. Na ukiwa na dada, rafiki au mpenzi ambaye viungo vinamuuma kwa miezi, homa haziishi na dawa za malaria hazisaidii, mwambie aende hospitali akaulize waziwazi kuhusu lupasi, na apimwe mkojo ili figo ziangaliwe.

Siku ya Lupasi Duniani ni Mei 10, na hurudi kila mwaka na tisheti zake. Kabla hujalipia mpya, waulize waandaaji ile ya mwaka jana ilifanya kazi gani.